Damu ya Amani

Kasha lilimkataa Anyesi Ngole kwa mara ya pili saa ya chai ya asubuhi, wakati Bosko alikuwa bado ananiuliza kama nitakula kiazi chake cha mwisho.

Lilikuwa limesimama mahali pake mwisho wa wodi, jeupe na refu kama jokofu, taa yake ya bluu ikiwaka na kufifia taratibu kama kitu kinachopumua. Nilikuwa nimeweka tone la damu kwenye ulimi wake wa kioo. Lilionja, kisha likasema kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio asiye na haraka:

"Pole, Daktari Somoe. Alama za mchochota kwa mgonjwa huyu zimepanda mara tatu tu kuliko damu yake ya amani. Baada ya kiharusi, ubongo ulioumia unaweza kuzipandisha kiasi hicho peke yake. Nimonia haijathibitika. Dawa itabaki ndani."

"Asante," nilisema.

"Unalishukuru tena," alisema Bosko Mtewele, nesi wa zamu. Yeye ni mzaliwa wa hapahapa Njombe, havai sweta hata ukungu ukiingia mpaka ndani ya wodi. Mimi ni mtu wa Lindi na nilikuwa nimevaa makoti mawili. "Siku moja nitakukuta unaliamkia shikamoo."

"Limenijibu kwa adabu."

"Hata baba mkwe wangu alinikataa kwa adabu. Kukataliwa ni kukataliwa tu, dokta."

Tulirudi kitanda cha nne. Anyesi alikuwa amelala ubavu wa kushoto, jinsi Bosko alivyomgeuza. Siku nne zilizopita alikuwa akichuma chai, akaanguka katikati ya mistari na kikapu mgongoni. Mkono wa kulia haukuwa wake tena, wala mguu, wala maneno. Macho tu ndiyo yalikuwa yamebaki yake yote, na yalinifuata kila nilipokwenda, kwa subira, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa na yeye ananingoja nipone. Juu ya kichwa chake tulikuwa tumebandika kibao: MDOMONI HAPANA. Kiharusi kilikuwa kimelaza nusu ya koo lake, na koo likilala, mate na maji huweza kukosea njia yakaingia kwenye mapafu badala ya tumbo.

Ndicho nilichoogopa, kwamba yalikuwa yamekwisha kukosea njia. Alipumua haraka. Nilipoweka kipimo cha masikioni mgongoni, chini upande wa kulia, nilisikia sauti kama ya mtu anayekanyaga majani makavu kwa mbali. Picha ya kifua ilionyesha ukungu mahali hapohapo. Lakini ukungu ule ungeweza kuwa nimonia, na ungeweza kuwa pafu lililolala tu kwa kuwa mwenye pafu amelala. Homa nayo ilikuwa shahidi wa kutiliwa shaka. Ubongo ulioumia huweza kuwasha homa bila mdudu yeyote. Kwa hiyo tulibaki na damu, na mwamuzi wa damu ni Kasha.

"Bibi yangu," Bosko alisema akipanga mito, "alikuwa akinunua antibayotiki dukani pamoja na sabuni na kiberiti. Akipiga chafya, anameza mbili. Ng'ombe akikohoa, naye anapewa mbili."

"Ndiyo maana zikachoka."

"Zilichoka zote, eeh. Isipokuwa hii moja waliyoiwahi kuifungia." Alitazama Kasha. "Ningekuwa mimi ndiyo ile dawa, ningekaa humo humo nisitoke."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mgonjwa ambaye kifua chake kinasema jambo moja na Kasha jingine. Nilijua kwamba asipopata dawa kabla ya jioni huenda asipate nafasi ya kuihitaji kesho. Hata hivyo kitu kilichonikera kilikuwa tarakimu moja, na niliona aibu kwamba tarakimu inanikera kuliko pumzi za mtu.

Kila mtu mzima nchini ana damu yake ya amani. Ni tone alilotoa siku ambayo hana homa wala jeraha, ili akija kuugua, Kasha lijue alikotoka. Ini la mtu likisikia vita mwilini, yaani mchochota, hutengeneza protini fulani kwa wingi, na Kasha huipima pamoja na nyingine mbili. Leo protini hiyo kwa Anyesi ilikuwa tisini na sita. Zile nyingine mbili zilikuwa katikati, hazisemi ndiyo wala hapana. Kwa mtu ambaye damu yake ya amani ni moja au mbili, tisini na sita ni kengele ya hatari. Lakini damu ya amani ya Anyesi ilikuwa thelathini na moja.

"Mtu mwenye thelathini na moja siku ya amani," nilimwambia Bosko, "hana amani."

"Wachuma chai wana amani gani?"

"Hapana, sikiliza. Kuna kitu lazima kiwe kinaungua humu miaka yote. Meno, au ngozi, au viungo. Nataka kukiona."

Tulimkagua tena kuanzia juu. Meno yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Ngozi safi. Nilishika vidole vyake kimoja kimoja, vile vya mkono hai na vile vya mkono uliolala. Vilikuwa vyeusi kwa majani ya chai, lakini vimenyooka, vyepesi, vinakunjika bila kelele. Hakuna kilichoungua mahali popote.

"Labda Kasha limekosea," alisema Bosko.

"Kasha halijakosea. Limelinganisha kile lilichopewa."

*

Saa sita mchana, wageni waliporuhusiwa, aliingia Yusta, mdogo wake Anyesi. Ungewajua mahali popote. Paji lile lile la uso, mwanya ule ule. Alikuwa amebeba chupa ya chai kwapani, na sweta lake la kijani lilikuwa wazi mbele, limeshikizwa na khanga aliyoifunga juu ya kifua.

"Kamwene, dokta."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Leo makoti ni mawili tu? Basi umezoea." Alicheka, kisha akaona ninavyolitazama sweta lake. "Dada ndiye hunifunga vifungo. Tangu aanguke natembea kifua wazi kama kijana wa mjini."

Alikaa kwenye kiti, akamsogelea ndugu yake, akamweleza habari zote za kijijini kana kwamba anajibiwa: mbuzi wa nani kaingia shamba la nani, nani kauliza hali yake, nani hakuuliza. Anyesi alimtazama mdomo. Kisha Yusta akanigeukia na chupa.

"Nifungulie, mwanangu. Ni maji ya uvuguvugu ya kumfuta uso, si ya kunywa, usinitazame hivyo. Vidole vyangu leo vimegoma."

Nilipopokea chupa niliviona vizuri kwa mara ya kwanza. Vifundo vilikuwa vimevimba kama tangawizi, na vidole vyote vimeegemea upande mmoja kama miti iliyopigwa na upepo toka ikiwa michanga.

"Hii ilianza lini?"

"Baridi yabisi? Kabla sijaota mvi. Nachomwa sindano kliniki kila mwezi. Inatuliza maumivu, ila wanasema inailaza na kinga. Kwa hiyo kila ukungu wa Juni, nimonia huja kunitembelea kama shemeji, haipigi hodi." Alinyoosha mkono akalipigapiga Kasha ubavuni alipopita kwenda kuchukua kitambaa, kama unavyompigapiga ng'ombe aliyekupa maziwa. "Huyu ndiye kaniponya. Mara mbili."

Taa ya bluu iliwaka na kufifia. Mimi nilikuwa nimesimama na kifuniko cha chupa mkononi. Bosko aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nimeachama.

*

Nilikwenda chumba cha vipimo na kufungua jokofu la sampuli za zamani. Nilikuwa nimekumbuka kichupa kimoja.

Anyesi alipoanguka, ambulensi ya shamba ilikuwa karibu. Wahudumu walimkuta bado ana jani mkononi. Walichukua damu palepale, kwa ajili ya sukari na kuganda kwa damu, maana hayo ndiyo maswali ya saa ya kwanza ya kiharusi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiuliza damu ile kuhusu mchochota. Ile protini ya ini haipandi papo hapo. Huchukua saa sita, saa nane, wakati mwingine zaidi. Damu ya kichupa kile ilichukuliwa wakati vita vimeshaanza kichwani lakini habari hazijafika kwenye ini.

Kwa maneno mengine, ilikuwa bado damu ya amani.

Niliipima. Mashine ikasema mbili.

Niliipima tena, kwa kuwa siamini kitu kinachonifurahisha. Mbili.

Kwa hiyo damu ya Anyesi ilikuwa imepanda karibu mara hamsini, na zile sauti za majani makavu zilikuwa zikisema kweli. Kwa dakika moja nilifurahi, nilifurahi kweli, kama mtoto aliyepata mahali kipande cha mwisho kinapoingia. Halafu nikakumbuka kwamba ndani ya hesabu ile kulikuwa na watu. Damu ya thelathini na moja ilikuwa ya mtu. Nami nilikuwa nimetoka kumfungulia mtu huyo chupa ya maji.

*

Nilimwomba Yusta tutoke nje, nyuma ya wodi, zinakoanikwa shuka. Ukungu ulikuwa umeshuka na shuka hazikuwa na matumaini ya kukauka. Sijui kuanza mazungumzo magumu. Nikiwa chuoni nilikuwa nikiandika swali kwenye karatasi na kumpa jirani aniulizie. Nilishika pembe ya shuka, nikaikunja, nikaikunjua.

"Sema, mwanangu," alisema Yusta. "Anakufa?"

"Ana nimonia, mama. Na dawa ipo. Lakini Kasha halifungui, kwa sababu damu ya amani iliyosajiliwa kwa jina lake si yake."

Tulisikia matone yakidondoka kutoka kwenye kamba.

"Ni ya mtu mwenye baridi yabisi," nilisema, polepole, nikiitazama shuka.

Yusta alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alipoanza kusema, alisema kama anayesimulia jambo la kawaida, na labda lilikuwa la kawaida.

"Walikuja kijijini na mashine yao siku mbili, basi. Asiyetoa, aende mjini kwa nauli yake. Dada alikuwa ndani, amefiwa na mumewe. Kwetu mjane akiwa ndani hatoki, wala hatolewi damu, mpaka anyolewe. Nikachukua kadi yake. Siku ya kwanza nikatoa yangu, siku ya pili nikafunga kilemba nikatoa yake. Kijana wa mashine akaniambia, mama, umefanana na mdogo wako wa jana! Nikamwambia, tumbo moja hilo, ulitaka tufanane na wewe?"

Nilijikuta nacheka. Naye alicheka kidogo.

"Dokta, sisi mbolea ya ruzuku tunapokeleana. Mbegu tunapokeleana. Mwenzio yuko shambani, au kafiwa, unabeba kadi yake, unampokelea. Hakuna aliyeona ni uongo. Tukaona na damu ni hivyo hivyo. Nilimpokelea." Alitazama vidole vyake. "Sheria tuliisikia redioni baadaye."

Sheria niliijua. Miaka ya mwanzo, matajiri walinunua damu tulivu za vijana wenye njaa na kuzisajili kwa majina yao, ili wakipiga chafya tu, Kasha liogope na kufunguka. Ndipo ikaamriwa: atakayetoa damu kwa jina la mwingine, Makasha yote ya nchi yatafungwa kwake miaka mitano. Mtego ulitegewa fisi. Fisi wana mawakili, nadhani hakuna hata mmoja aliyenaswa.

"Ninayo damu yake ya kweli," nilisema. "Ya siku ile ile aliyoanguka. Kasha linaweza kuipokea mahali pa ile ya zamani. Lakini litauliza kwa nini."

"Nawe utasema nini?"

"Naweza kusema sampuli ya kwanza iliharibika."

"Basi sema hivyo!" Alinyanyuka nusu. "Sema hivyo, Mungu akubariki, twende."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nimeifikiria sana saa ile. Ningeweza kusema ndiyo mama, twende.

"Makasha yote nchini yana akili moja," nilisema. "Linachojifunza hili, yote yanajua. Nikiliambia damu ya thelathini na moja ilikuwa imeharibika, litajifunza kwamba damu za namna hiyo huenda zimeharibika. Kidogo tu. Uongo mmoja ni tone. Lakini Kasha hunywa matone. Ipo siku litamwambia mtu mwenye vidole kama vyako, damu yako ya amani haiaminiki, nenda nyumbani upone kwanza, kisha urudi utoe nyingine. Na yeye yuko kitandani anatafuta pumzi."

Yusta aliketi tena.

"Na ukisema kweli?"

"Dada yako anapata dawa leo. Na wewe unafungiwa."

"Juni ni lini?"

"Mwezi ujao, mama."

"Najua ni mwezi ujao! Nimezaliwa huku." Alivuta khanga yake kifuani. Kisha akanitazama, na macho yake, ambayo yalikuwa yale yale ya Anyesi, hayakuwa na subira hata kidogo. "Hukuweza kukaa na udadisi wako kimya? Hukuweza kusema uongo wako huo mdogo huko ndani, halafu ukaja kuniambia, mama Yusta, dawa imetoka? Ningekuombea maisha yako yote."

"Ningeweza," nilisema.

"Sasa umeniambia. Sasa hata nikinyamaza, nimesema."

Nilimweleza ukweli wote halafu nikasimama pale kana kwamba nimempa nafasi ya kuchagua, na wote wawili tulijua kwamba nimemnyang'anya hata ile nafasi ya kutojua. Nilitaka kumwomba radhi. Kabla sijafungua mdomo, mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo na Bosko akatokeza kichwa.

"Dokta! Kitanda cha nne. Oksijeni inashuka, na mimi nimeshafungua mpaka mwisho."

*

Midomo ya Anyesi ilikuwa imepoteza rangi. Macho bado yalikuwa wazi, lakini hayakunifuata. Nilichukua kichupa cha ambulensi, nikaenda kwenye Kasha, nikadondosha tone kwenye kioo.

"Ninaomba damu hii iwe damu ya amani ya Anyesi Ngole," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana. Kasha husikia sauti ndogo.

"Nimepokea, Daktari. Imechukuliwa ndani ya saa ya kwanza ya kiharusi. Inafaa." Kioo kikawaka. "Damu iliyosajiliwa awali inatofautiana nayo sana. Chagua sababu."

Kwenye kioo chake yalitokea majibu matatu. Kosa la mashine. Sampuli iliharibika. Si damu ya mgonjwa.

Niliyafikiria maneno niliyoyasema kule penye shuka, yote ya kweli, ya matone na watu nisiowajua. Nyuma yangu nilisikia Bosko akihesabu pumzi kwa sauti, na kila pumzi ilichelewa kuliko iliyotangulia. Nilinyanyua kidole. Sitajifanya sijui kilikuwa kinaelekea wapi. Kilikuwa kinaelekea kwenye jibu la pili.

Mkono mwingine ulipita chini ya mkono wangu. Kidole hakikuweza kunyooka, kwa hiyo aligonga kioo kwa kifundo, kama anayebisha hodi.

Si damu ya mgonjwa.

"Damu ni ya nani?" liliuliza Kasha.

"Yangu mimi," alisema Yusta. "Yusta Ngole. Dada alikuwa amefiwa. Nilimpokelea."

"Sikuelewa neno la mwisho. Ulinunuliwa damu hiyo?"

"Ninunuliwe na nani, wewe! Nimekwambia ni dada yangu."

Taa iliwaka, ikafifia.

"Asante kwa kusema kweli," lilisema Kasha, kwa sauti ile ile. "Alama za mgonjwa zimepanda mara arobaini na nane. Nimonia imethibitika. Yusta Ngole, Makasha yote yamefungwa kwako kwa miaka mitano kuanzia leo."

Droo ilitoka polepole, ikifuka baridi, na ndani yake kulikuwa na kichupa kimoja, kidogo kuliko kidole gumba.

"Kumbe nalo hushukuru," alisema Yusta. Kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake pembeni ya kitanda, akashika mguu wa dada yake kupitia blanketi mpaka sindano ilipokwisha kuingia.

*

Ilichukua siku tatu homa kuacha kurudi jioni. Protini ya ini ilishuka, tisini, sitini, thelathini na kitu, nami kila asubuhi niliipima kwa hamu ya mtu anayengoja barua. Anyesi alianza kunifuata tena kwa macho.

Siku ya nne, tukiosha mikono, Bosko alisema bila kunitazama, "Dokta. Kule kwetu walipokuja na ile mashine ya kusajili damu, siku ile kulikuwa na fainali."

"Fainali gani?"

"Ya kata. Mimi nilikuwa kipa." Alifunga bomba, akalifungua tena. "Kaka yangu alinipokelea."

Nilimtazama. Alikuwa akisugua sikio kwa mkono wenye sabuni.

"Na yeye kaka yako?"

"Yeye alitoa yake mwenyewe. Ila ya mama nayo alitoa yeye, maana mama alikuwa sokoni." Alianza kucheka, halafu akalifunga bomba. "Dokta, wako wangapi?"

Hilo ndilo swali ambalo sijaacha kulifikiria. Kijiji kizima ambacho damu zake zimebadilishana majina kwa upendo tu, na vijiji vingine kando yake, na Kasha limesimama katikati na akili yake moja, likilinganisha watu na ndugu zao. Nimeanza kuomba kila ambulensi ituwekee tone la saa ya kwanza. Nimeandika pia kwa wakubwa, nikaeleza kuhusu mbolea ya ruzuku na wajane, na bado sijajibiwa. Yusta nachukua tone lake kila mchana anapokuja. Kasha halitamfungulia, lakini hakuna sheria inayokataza kuuliza. Alama zake zikianza kutikisika tu, kabla ya kikohozi, tutasimamisha ile sindano ya viungo ili kinga iamke, tumkalishe kitako, tumfundishe kuvuta pumzi ndefu. Huenda ikatosha. Sijui kama itatosha. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa kuwa nimeshajifunza kwamba siwezi kumwambia kingine, naye akasema, "Haya, mdadisi, chukua damu yako."

Leo mchana tulimjaribu Anyesi kumeza. Bosko alimkalisha wima, nami nikampa maji, nusu kijiko cha chai. Niliweka vidole kooni pake. Koo lilisita, likafikiri, kisha likapanda na kushuka. Tulingoja kikohozi. Hakikuja.

"Sema aaa," nilimwomba.

"Aaa," alisema Anyesi. Sauti ilikuwa kavu na safi, haina maji ndani yake. Ilikuwa sauti ya kwanza tuliyoisikia kutoka kwake, na Yusta, aliyekuwa amesimama mlangoni na sweta lake wazi, aliweka mikono yote miwili mdomoni.

"Yusta amekwisha kumwambia kwamba amefungiwa?" Bosko aliniuliza kwa kunong'ona.

"Jana. Kila kitu."

Yusta alikuja akainama kumkumbatia. Anyesi hakumkumbatia. Aliinua mkono wa kushoto, ule hai, akashika ukingo wa sweta la kijani na kuuvuta. Alitafuta tundu la chini kabisa kwa kidole gumba. Kifungo kiliteleza, akakitafuta tena. Hakuwa na mkono wa pili wa kushikilia, kwa hiyo Yusta alibaki ameinama vile vile, mgongo umepinda, analia bila sauti, hathubutu kusogea.

Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umeshafunika kamba za shuka. Nilikuwa na wagonjwa wengine. Sikuondoka. Anyesi alimaliza cha chini, akapanda cha pili, cha tatu, akitoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Alipofika kile cha juu kabisa, cha shingoni, alikifunga, kisha akakivuta mara mbili kuhakikisha, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ambayo ndani yake kuna mtu amelala.